Ubeti wa Tisa

Pale kwetu Kwa Jeconia kuna mama mmoja ambaye watu walimpachika jina la Jumatano. Jina lake la kweli ni Waithira. Anauza viazi na kabichi, na umri wake ni kama miaka hamsini na tano, yeye mwenyewe hajui vizuri. Mimi humwita Shosho, yaani nyanya wa wote, kama wengine. Nilianza kumwangalia kwa sababu ya tabia yake moja: huwa haridhiki na jibu la kwanza. Ukimwambia mvua imenyesha Turbo, atakuuliza ni nani alikuambia, na huyo aliyekuambia alilowa ama alisikia tu.

Kwa Jeconia ni nje kidogo ya Eldoret, pale lami inapoishia na matope kuanza. Soko letu ni la Jumatano peke yake. Siku hiyo kila mama anatandika gunia lake mahali pake asubuhi na mapema, na ukikosa wiki moja, wiki inayofuata utakuta mtu ameketi hapo, na hatoki hata ukilia. Sasa, zahanati yetu ya mabati ilikuwa inachanja watoto siku moja kwa wiki. Siku gani? Hiyo hiyo Jumatano.

Mwaka wa njaa, ule wa mahindi ya manjano, Shosho Waithira alikuwa na mjukuu akiitwa Gathogo. Alifika miezi tisa, umri wa sindano ya surua, na mama yake akasema, tutampeleka Jumatano ijayo. Shosho akakubali, maana kabichi zilikuwa zinaoza. Jumatano ijayo nayo ikawa na ijayo yake. Surua ilipita hapa ikachukua watoto sita, na Gathogo alikuwa wa pili. Kadi yake ya kliniki ilibaki na kisanduku kimoja cheupe. Shosho aliificha nyuma ya picha ya Rais ukutani, kwa sababu hapo hakuna mtu hupekua.

Mwaka uliofuata Nyaguthii akajifungua Simeon. Nyaguthii huuza vitunguu kando ya Shosho sokoni, ana watoto wengine watatu, na mzee wake alienda kutafuta kazi Nakuru akapotelea huko. Tulipoenda kumwona mtoto, Shosho alimshika Simeon, akamgeuza huku na huku kama mtu anayenunua kuku, halafu akasema, "Huyu hatafika miezi tisa siku ya sindano ikiwa bado ni Jumatano."

"Shosho, si nitafunga tu hiyo siku moja," Nyaguthii akasema.

"Hata sisi tulisema hivyo."

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini Shosho asimbebe Simeon mwenyewe ampeleke? Aliwahi kujaribu kwa mtoto mwingine. Nesi akamrudisha, ati mama mzazi aje. Na tena watoto wa umri huo hapa kwetu walikuwa thelathini na wanane. "Mgongo wangu ni mmoja," Shosho alisema.

Hapa kwetu mtu haamki tu akaenda kudai kitu. Miaka hii ukikusanya watu watano bila kibali, chifu atataka kujua mnapanga nini, na vijana wa chama watakaa karibu wakijifanya wanafunga kamba za viatu. Lakini kuimba hakutaki kibali. Kwa hivyo akina mama kumi na sita wakaanzisha kwaya, na wazo lilikuwa zuri: ombi litaingia ndani ya wimbo kama dawa ndani ya uji. Nyaguthii ndiye alikuwa anaanzisha, maana ana sauti inayofika barabarani. Mimi niliwekwa nyuma kabisa, sauti ya chini, mahali mtu anaweza kuona migongo ya wote.

Wimbo ulikuwa na beti tisa. Nane zilikuwa za shukrani, kwa mpangilio: Serikali, Waziri, P.C. wa mkoa, D.C. wa wilaya, D.O. wa tarafa, diwani, chifu, wazee wa mtaa. Huwezi kuomba kabla hujashukuru, na huwezi kumshukuru mdogo kabla ya mkubwa. Ubeti wa tisa ndio ulikuwa wetu:

*Jumatano ni soko, mtoto anabaki nyuma,*
*Wazazi wetu wapendwa, tupeni siku nyingine.*

Mara ya kwanza tuliimba kwa baraza la chifu. Tulipofika ubeti wa saba, wa kwake, chifu alisimama akacheza kidogo, halafu akainua fimbo yake. "Asanteni sana akina mama, muda umetubana." Tukakaa chini. Tukasema, si kitu, mara nyingine.

Mara nyingine ilikuja haraka. D.O. alikuwa amesikia habari zetu. Tukapelekwa Turbo kwa lori, tukapewa soda na nusu mkate kila mtu. Halafu Soy. Halafu mjini siku ya Jamhuri, na sare za kijani tukanunuliwa. Na kila mahali kulikuwa na mgeni mpya ambaye hangeweza kurukwa. Meya akaongezewa ubeti. Mwenyekiti wa chama akaongezewa ubeti. Kuna siku mgeni alikuja na mke wake, na Nyaguthii akatunga ubeti hapo hapo kwa lori. Ubeti wetu tuliendelea kuuita wa tisa, lakini ulikuwa umesukumwa hadi wa kumi na mbili.

Tukirudi, lori lilikuwa linajaa kelele. Nani alicheka, nani alitupa shilingi, kofia ya nani ilianguka. Shosho alikuwa anangoja watu wachoke, halafu anauliza:

"Na Jumatano?"

"Haiya, Shosho! D.O. mwenyewe alipiga makofi akiwa amesimama!"

"Alisimama ubeti gani?"

Nyaguthii akafikiria. "Wa tano."

"Wa tano ni wa nani?"

"Ni... wa kwake."

Lori zima likacheka, na Shosho pia akacheka. Lakini safari iliyofuata akauliza tena, na iliyofuata, mpaka watoto wakaanza kumwimbia njiani, "Na Jumatano? Na Jumatano?" Hivyo ndivyo alivyopata hilo jina. Mimi nilikuwa najiuliza kwa nini halimkasirishi. Siku moja nilimuuliza. Akasema, "Wakiniita hivyo, si wanakumbuka?"

Simeon alipofika miezi saba, tulikuwa na mazoezi Jumamosi moja mchana kanisani. Nyaguthii alikuwa anatufundisha ubeti wa mkuu mpya wa kilimo. Shosho hakusimama na wenzake. Alibaki kwa benchi.

"Nina swali," akasema. "Tumeimba mara kumi na moja. Kati ya wote tuliowaimbia, ni nani anajua kwamba kliniki ya watoto ina siku?"

Hilo swali lilikuwa geni. Sisi tulikuwa tumehesabu makofi, soda na safari. Hakuna aliyekuwa amewaza kama wale watu wanajua.

"Chifu lazima anajua," Nyaguthii akasema mwishowe.

"Basi tumuulize."

Na kweli alimuuliza. Jumatatu alisimama mlangoni kwa ofisi ya chifu na kabichi mbili, mimi nikiwa nimembebea ya tatu. "Mzee Chifu, nimesahau. Kliniki ya watoto hapa kwetu ni siku gani?"

Chifu akamtazama Shosho, akaitazama kabichi. "Si iko wazi kila siku?"

"Ahaa," Shosho akasema. "Asante Mzee."

Njiani alikuwa anatembea haraka, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeokota kitu. Mimi nilidhani angekasirika. Nyaguthii ndiye aliyekasirika tulipomwambia.

"Kwa hivyo tuache kuimba? Watu watasema tumegeuka wapinzani. Unataka nilale ndani kwa polisi?"

"Sijasema tuache, Mama Simeon. Tuimbe. Lakini tulikuwa tunagonga mlango, na hatukuuliza kama kuna mtu ndani."

Jumatano hiyo Shosho alifanya kitu ambacho hajawahi kufanya tangu Gathogo azikwe: hakuja sokoni. Aliomba mama yangu akalie gunia lake kwa upande mmoja na letu kwa upande mwingine, na mama alishinda amenyoosha miguu kama anayelinda mipaka miwili. Shosho alienda kukaa kwa benchi la zahanati, bila mtoto, bila ugonjwa. Alirudi na habari. Asubuhi Land Rover ilikuja na sanduku la barafu. Watoto walioletwa walikuwa watano. Nesi alifuma fulana. Saa saba gari likaondoka na sanduku.

"Mnaona?" akatuambia. "Hiyo siku inakuja na gari. Nesi hawezi kuibadilisha. Ni la nani, hilo gari?"

Gari lilikuwa linaendeshwa na Kiprotich, kijana mrefu anayependa kunywa chai kwa hoteli ya Jeconia akingoja. Wiki iliyofuata Shosho alimkuta hapo, akaketi mbele yake na viazi vya kuchemsha kwa sahani. Mimi nilikuwa nimetumwa sukari, na nilikawia kuchagua.

"Kijana wangu, hii kazi yako ina mwenyewe ama unajiendea tu?"

Kiprotich akacheka. "Mama, mwenyewe ni lile sanduku. Barafu ikiyeyuka, dawa imekufa. Jumatatu naipeleka Turbo, Jumanne Soy, Jumatano hapa kwenu, Alhamisi Cheptiret. Ijumaa gari inaoshwa."

"Na nani alipanga hivyo?"

"Sista Hellen, kule stoo ya madawa mjini."

"Aliambiwa na nani?"

"Na nani tena? Alichukua karatasi akaandika. Iko nyuma ya mlango wake."

Shosho aliweka kiazi chini. "Nyuma ya mlango," akasema. "Waziri, P.C., D.C., na mke wa mgeni. Kumbe karatasi iko nyuma ya mlango." Akacheka mpaka Jeconia akatoka jikoni kuona nani amepaliwa.

Alienda na Nyaguthii kwa Sista Hellen. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na Nyaguthii mwenyewe, na alisimulia vizuri kwa sababu yalimwaibisha. Walipoingia ofisini, yeye kwa mazoea alivuta pumzi ili aanze ubeti wa kwanza. Shosho akamkanyaga mguu. Halafu akasema maneno machache tu: Sista, siku unayotuletea dawa ni siku yetu ya soko, na mama akikosa soko anapoteza mahali pake.

Sista Hellen akavuta faili. "Miaka minne," akasema, "naandika hapa kwamba mahudhurio ni duni na akina mama hawana mwamko. Kumbe kuna soko?"

"Liko."

"Kwa nini hamkusema?"

Nyaguthii anasema hapo alitamani ardhi ipasuke. "Tuliimba," akajibu.

"Mlimwimbia nani?"

Sista hakukataa. Lakini alisema hawezi kuongeza siku, gari ni moja. Anachoweza ni kubadilishana. Wamtafutie mahali patakapokubali Jumatano, na walete barua ya chifu kwamba hana pingamizi.

Simeon alikuwa na miezi minane.

Shosho alisema hawezi kuchukua siku ya wenzake bila kuwauliza, ingekuwa ni kuwahamishia shida. Kwa hivyo alienda Cheptiret. Huko barabarani alimkuta mama anayeuza maziwa ya kibuyu, jina lake Chepkorir. Shosho akamsalimia, "Chamge," akajibiwa, na hapo Kikalenjin chake kikaisha, wakaendelea kwa Kiswahili.

"Alhamisi?" Chepkorir akasema. "Hiyo kliniki ya Alhamisi hatuipendi hata kidogo! Alhamisi ni siku ya josho. Nyumba nzima inapeleka ng'ombe kuogeshwa. Ng'ombe akikosa dawa ya kupe anakufa, na mtoto tunasema ataenda wiki ijayo."

"Na mlimwambia mtu?"

Chepkorir akafunika mdomo na leso. "Tuna wimbo," akasema. "Lakini hayo maneno yako mwisho, na hawatuachangi tufike."

Shosho alipotuambia hiyo habari kanisani, tulicheka hadi Nyaguthii akalazimika kukaa chini. Halafu kicheko kikaisha, na nikaona akina mama wanatazamana. Nadhani kila mmoja alikuwa anafikiria kwaya ngapi nchi hii zinaimba ubeti wa mwisho ambao haufikiwi.

Cheptiret wakakubali Jumatano, ikabaki barua ya chifu. Hapo Shosho hakusema "tunaomba". Alimwambia chifu kwamba Sista wa mjini anataka ushauri wake kama mzazi wa lokesheni, ni siku gani inawafaa watu wake. Chifu aliandika barua siku hiyo hiyo, akapiga mhuri mara mbili. Na kwa baraza lililofuata akasimama akatangaza kwamba, baada ya kufikiria sana, yeye ameonelea kliniki ihamishwe kuwa Alhamisi. Watu wakapiga makofi. Shosho alipiga kushinda wote.

"Ati amefikiria!" Nyaguthii alikuwa anachemka tukienda nyumbani. "Hata hakujua kliniki ina siku! Na wewe unampigia makofi!"

"Siku imehama ama haijahama?"

"Imehama."

"Basi."

Lakini siku yenyewe ya Alhamisi ya kwanza, Shosho hakusherehekea. Aliketi kwa lango la zahanati na punje za mahindi kwa mfuko wa aproni. Mimi nilikuwa nimemwandikia majina ya wale watoto thelathini na wanane kwa karatasi ya kufungia sukari. Niliishia darasa la nne, lakini majina nayaweza. Mama akiingia na mtoto, Shosho alitoa punje moja akaiweka kwa kikombe. Gari lilipoondoka, kikombe kilikuwa na punje tisa.

"Tisa ni zaidi ya watano," nikamwambia.

"Ni kweli. Na ishirini na tisa wako wapi?"

Nilidhani wamekataa. Yeye hakudhani, alizunguka akiuliza. Jibu likawa jepesi hadi likatia aibu. Chifu alitangaza barazani, na barazani wengi wanaokaa ni wanaume. Wanaume walirudi nyumbani, wakaulizwa baraza lilikuwaje, wakasema, "Mzuri." Jumatano iliyofuata Shosho alipita gunia kwa gunia sokoni, mama mmoja baada ya mwingine. Hakuimba. Alisema tu, "Kesho. Zahanati. Na umwambie wa kando yako, halafu nitarudi kumuuliza kama alisikia." Na alikuwa anarudi kweli kuuliza.

Jioni hiyo, kabla magunia hayajakunjwa, mjumbe wa chifu akafika. Kwaya inatakiwa Soy kesho asubuhi. Kuna mgeni mkubwa. Lori litakuja saa tatu.

Kesho ilikuwa Alhamisi. Simeon alikuwa ametimiza miezi tisa Jumanne. Na kule karibu na kinu cha posho mtoto mmoja alikuwa ameanza kuwa na vipele na macho mekundu.

Nilimwangalia Nyaguthii. Alikuwa ameshika sare yake ya kijani aliyokuwa ameifua, inadondosha maji. Kukataa kwenda kumwimbia mgeni mkubwa ni jambo ambalo mtu hafanyi. Na sauti ya kwanza ni yake, bila yeye hakuna wimbo.

"Tutampeleka wiki ijayo," akasema polepole. Halafu akasikia alichosema. Shosho aliendelea kupanga viazi ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Asubuhi Shosho alikuwa langoni na kikombe chake. Akina mama walianza kuja, wengi. Saa tatu tukasikia lori, na ndani tukawaona wenzetu wamevaa kijani. Mimi nilikuwa nimetoroka, maana sauti ya chini ikikosekana hakuna anayegundua. Lori likatupita. Shosho akainamisha kichwa akaweka punje ya mama aliyekuwa anaingia.

Mbele kidogo lori likasimama, likarudi kinyumenyume. Nyaguthii akaruka chini na Simeon mgongoni.

"Dereva, hii gari imepata pancha," akasema kwa ile sauti inayofika barabarani.

"Pancha gani, Mama? Hakuna pancha."

"Nimesema imepata. Na itachukua saa moja kutengenezwa." Akageukia wenzake. "Mwenye mtoto ashuke."

Walishuka kumi na mmoja na sare zao, wakaingia kwa foleni. Dereva aliangalia magurudumu yake yote manne, moja moja, kisha akavua shati akalala chini ya lori kama mtu anayetengeneza. Mjumbe wa chifu alikuwa anatembea huku na huku akitazama saa. Shosho akampa kiazi.

Simeon alilia sana. Nesi aliandika kwa kadi yake, na Nyaguthii alipotoka Shosho akanyoosha mkono, akaomba aione. Hawezi kusoma. Lakini aliweka kidole kwa kile kisanduku cha mwisho, ambacho sasa kilikuwa na wino, na akakaa nacho hapo mpaka foleni ikasimama nyuma ya Nyaguthii.

Huko Soy walichelewa. Nyaguthii aliniambia walipewa dakika za beti mbili tu, wa Serikali na wa mgeni, wakashushwa. Hakuna aliyenung'unika.

Sisi tulibaki langoni tukihesabu. Kikombe kilitoa punje ishirini na mbili. Na zile tisa za wiki iliyopita, thelathini na moja. Nikasema, "Shosho, tumeshinda."

Alikuwa ameshanipokonya ile karatasi ya sukari, anaigeuza juu chini.

"Wamebaki saba," akasema. "Nisomee. Halafu tuanze na wale wa upande wa kinu."